Laini imetembea saa ngapi, imesimama saa ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchora chati

Maswali haya nimeyapata kwa makarani wa uzalishaji, wasimamizi wa zamu na mafundi, mengi yakiulizwa tumesimama kando ya mashine inayopiga kelele. Mfano ninaoutumia ni wa kubuni: laini ya maji ya chupa (mashine zilizopangwa mfuatano, kila moja na kazi yake), zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Anayesaga unga au kushona magunia atabadilisha majina ya mashine tu.

Daftari la zamu tunalo na kila kitu kimeandikwa. Chati ya nini tena?

Daftari linakumbuka, ila halionyeshi. Chukua kurasa za wiki mbili, uambie mtu akutajie saa ambayo laini husimama zaidi. Atasoma kila mstari, na akifika mwisho atakuwa amesahau mwanzo. Matukio yaleyale ukiyalaza kwenye mstari wa muda, siku moja chini ya nyingine, jicho linaona kabla hujauliza swali.

Wala si jambo la kompyuta. Henry Gantt, Mmarekani aliyefariki mwaka 1919, ambaye jina lake limebaki kwenye chati za ratiba za miradi, alikuwa pia na chati za kumbukumbu za mashine. Zilionyesha mashine ilifanya kazi saa zipi, ilikaa bure saa zipi na kwa sababu gani. Zilichorwa kwa mkono.

Niandike nini na nini?

Vitu vitano: tarehe ya zamu, saa ya kusimama, saa ya kuanza tena, aina ya kusimama (kulikopangwa au la), na sababu. Andika kusimama tu. Muda wa kutembea ni kile kinachobaki, na opereta mwenye mikono miwili hatakuwa na nafasi ya kuandika vyote.

Usiwaombe waandike "dakika 20". Omba saa mbili, ya kusimama na ya kuanza, hesabu ufanye wewe. Dakika za kukadiria hazina mahali pa kulala kwenye mstari wa muda, na mara nyingi huwa zimepunguzwa.

Mfano wetu ndio huu, kwa saa za kompyuta: 06:00 hadi 06:25 kuandaa mtambo, 08:10 hadi 08:18 chupa imekwama, 10:00 hadi 10:30 mapumziko ya chai, 11:05 hadi 11:52 umeme, 13:20 hadi 13:30 kungoja rola la lebo. Tutarudi kwake.

Opereta ameandika "4:10" na kompyuta inasema ni alfajiri. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba yeye anahesabu saa kama binadamu na Excel inahesabu saa kama Mzungu. Saa nne na dakika kumi asubuhi ni 10:10 kwenye kompyuta. Hili limeharibu chati nyingi kuliko fomula mbovu, na mtaalamu anayekuja kutoka nje hawezi kuligundua, kwa sababu kwao halipo.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutundika saa kubwa ya kidijitali ya mfumo wa saa 24 juu ya laini, na kila mtu aandike anachokiona. Hii ndiyo ninayoipendelea, maana haimtaki mtu abadilishe chochote kichwani. Ya pili ni kuwaacha waandike kwa Kiswahili na wewe ubadilishe: kuanzia saa moja asubuhi hadi kabla ya saa moja usiku ongeza saa 6, kuanzia saa moja usiku hadi kabla ya saa moja asubuhi ongeza saa 18, na ikifika au kuzidi 24 toa 24. Angalia mtego wa saa kumi na mbili. Ya jioni iko kundi la kwanza, inakuwa 18:00. Ya asubuhi iko kundi la pili, 12 na 18 ni 30, ukitoa 24 unapata 06:00. Kwa hiyo anayeandika "12:00" bila kusema asubuhi au jioni hajaandika kitu.

Kuchanganya njia zote mbili kwenye daftari moja usikubali hata siku moja.

Na zamu ya usiku? "Usiku wa Jumanne" ni upi?

Ugomvi wa zamani. Kwa wengine usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne, kwa wengine ni ule unaoanza Jumanne jioni. Chagua kanuni moja: zamu inabeba tarehe ya siku ilipoanza. Iliyoanza 22:00 Jumatatu ni ya Jumatatu, hata kama mashine iliharibika saa tisa alfajiri ya Jumanne. Bandika kanuni hiyo kwenye jalada la daftari.

Nitumie chati ya aina gani?

Anza na mstari wa muda: kila zamu ni ufito mmoja mlalo, kushoto mwanzo wa zamu, kulia mwisho, na sehemu zilizosimama zimepakwa rangi. Zamu ya kesho inakaa chini yake. Ukishauona, ndipo uende kwenye chati ya pau za sababu.

Chati ya duara sipendi kuiona ukutani kwenye kiwanda. Inakuambia asilimia 20 ilipotea. Haikuambii ilipotea saa ngapi, wala kama ilipotea kwa mara moja au kwa vipande. Dakika 90 zilizopotea mara moja ni kazi ya fundi na spea. Dakika 90 zilizopotea kwa vipande thelathini vya dakika tatu ni kazi ya mtu wa kurekebisha reli za konveya, ule mkanda unaobeba chupa. Duara ni lilelile.

Basi nionyeshe, naichoraje kwenye Excel?

Njia inayofundishwa sana ni ya pau zilizorundikwa, ambapo kila kipande cha muda kinakuwa mfululizo wake na unakipaka rangi kwa mkono. Kwa zamu moja inapendeza. Kwa zamu thelathini utalia. Mimi natumia seli zenyewe kama karatasi ya grafu.

Tengeneza laha uiite Matukio. Safu A tarehe ya zamu, B saa ya kusimama, C saa ya kuanza tena, D namba ya aina, E sababu. Kwenye D andika 1 kwa kusimama kusikopangwa na 10 kwa kulikopangwa. Utaona sababu ya 10 baadaye. Kisha geuza saa ziwe dakika tangu zamu ianze. Kwenye F2 weka:

=ROUND(MOD(B2-TIME(6,0,0),1)*1440,0)

Kwenye G2 weka hiyohiyo, ila badala ya B2 iwe C2. Excel inahifadhi saa kama sehemu ya siku: 06:00 ni 0.25, adhuhuri ni 0.5. Ndiyo maana tunazidisha kwa 1440, idadi ya dakika za siku nzima. MOD inaokoa zamu inayovuka usiku wa manane, na ROUND inafuta vijidesimali vinavyofanya saa mbili zinazofanana zikatae kulingana. Zamu ikianza saa nne usiku, badilisha 6 iwe 22.

Laha ya pili: safu A teremsha tarehe. Mstari wa kwanza, kuanzia B1, andika 0, 5, 10, hadi 475. Zitakuwa safu 96, zibane ziwe nyembamba kama kiberiti. Kwenye B2 weka:

=SUMIFS(Matukio!$D:$D,Matukio!$A:$A,$A2,Matukio!$F:$F,"<="&B$1,Matukio!$G:$G,">"&B$1)

Ivute kulia na chini. (Kompyuta yako ikikataa koma, jaribu nukta-mkato, inategemea mipangilio ya nchi.) Sasa weka rangi kwa masharti: 1 rangi nzito, 10 kijivu, namba nyingine yoyote isiyo 0 zambarau. Namba zenyewe zifiche kwa kuandika ;;; kwenye umbizo maalumu la namba.

Hiyo zambarau ndiyo sababu ya 10. Matukio mawili yakipandana, namba zinajumlishwa: 1 na 1 inakuwa 2, 1 na 10 inakuwa 11. Kila zambarau ni kosa la daftari, na litajitokeza lenyewe bila wewe kulitafuta.

Kuna mtego wowote kwenye njia hiyo?

Mitatu. Wa kwanza, kila seli ni dakika 5, kwa hiyo picha inakadiria. Chupa iliyokwama dakika 8 itaonekana kama 10, na kusimama kwa dakika 3 kunaweza kusionekane kabisa. Hesabu zako zitoke laha ya Matukio. Usihesabu seli zenye rangi.

Wa pili ndio mbaya zaidi: zamu ambayo hakuna aliyeandika kitu itatokea nyeupe tupu, kama zamu iliyotembea bila kusimama. Nimeshaona zamu ya namna hiyo ikipongezwa. Usiingize tarehe kwenye laha ya pili mpaka msimamizi awe amesaini ukurasa wa daftari.

Wa tatu ni mdogo. Ukichora siku nzima ya saa 24 kuanzia 06:00, tukio linaloishia 06:00 ya kesho yake litahesabiwa kuwa limeishia dakika 0. Libadilishe kwa mkono liwe 1440.

Asilimia ya kutembea inapigwaje?

Zamu yetu ina dakika 480. Chai ni 30, imepangwa, inabaki 450. Kusimama kusikopangwa ni 25 + 8 + 47 + 10, jumla 90. Laini imetembea dakika 360. Gawanya 360 kwa 450: asilimia 80.

Ukigawanya kwa 480 unapata 75. Zote mbili ni sahihi, mradi useme umegawanya kwa nini. Kosa ni kutumia 480 mwezi huu na 450 mwezi ujao, halafu mkaandika barua kwamba ufanisi umepanda.

Kipi kihesabiwe kuwa "kumepangwa"?

Kilichoandikwa kwenye ratiba kabla zamu haijaanza. Si kilichotokea kikapewa jina zuri baadaye. Mapumziko, kuosha mtambo, matengenezo ya Jumamosi: sawa. Viwanda vya sukari Tanzania hufunga kipindi cha mvua za masika na kufanya matengenezo makubwa. Hakuna anayeziita wiki hizo kuharibika kwa mtambo. Lakini kuosha kulikopangwa dakika 40 kukichukua 70, zile 30 za ziada andika kama tukio la pili lenye namba 1. Watu watanuna. Waache wanune.

Kubadilisha saizi ya chupa kuna mabishano. Mimi nakuweka upande wa kusikopangwa, maana kikishaingia kwenye kijivu hakuna atakayekaa tena kufikiria namna ya kukifupisha.

Bosi anataka namba moja tu. Nimpe OEE?

Mpe, ila ujue imebeba nini. OEE, kipimo cha ufanisi wa jumla wa mtambo, ilitokana na kazi ya Seiichi Nakajima wa Japani na mfumo wa matengenezo unaoitwa TPM. Ni asilimia tatu zikizidishwa: upatikanaji wa mtambo, kasi, na ubora. Kwa mfano wetu, upatikanaji ni asilimia 80. Kama mashine ina uwezo wa chupa 100 kwa dakika, dakika 360 zilipaswa kutoa 36,000. Zikitoka 30,600, kasi ni asilimia 85. Nzuri kati ya hizo zikiwa 30,294, ubora ni asilimia 99. Zidisha zote: kama asilimia 67.

Wengi wanaogopa wakiiona 67, kwa sababu wamesikia asilimia 85 ndiyo ya kiwango cha dunia. Hiyo 85 inapatikana kwa upatikanaji wa 90, kasi ya 95 na ubora wa 99.9 kwa pamoja. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita kwanza.

Na chati ya kutembea na kusimama inagusa ile ya kwanza tu kati ya tatu. Laini inayotambaa polepole kutwa nzima itatokea nyeupe safi.

Laini ina mashine tano. Ikisimama moja, laini imesimama?

Si lazima. Chagua mashine moja iwe ndiyo saa ya laini. Kwenye maji ya chupa mimi nachukua ya kujaza. Mashine ya lebo ikisimama dakika mbili, chupa zinajipanga kwenye konveya na ya kujaza inaendelea. Hapo laini haijasimama. Konveya ikishajaa hadi nyuma, ya kujaza nayo inasimama, ndipo unaandika.

Kwenye sababu, tofautisha mashine ya kujaza kukosa chupa kutoka nyuma na kuzibwa na msongamano wa mbele. Katika hali zote mbili yenyewe ni nzima. Ukiandika "mashine ya kujaza" kama sababu, fundi ataifungua mashine isiyo na ubaya.

Sababu ziwe ngapi?

Kumi zinatosha. Zikifika thelathini opereta anachagua ya kwanza kwenye orodha. Na "Mengineyo" ikizidi kila kitu, orodha yako haiongei lugha ya sakafuni. Nenda kakae nao zamu moja usikie wanaiitaje hiyo shida. "Mashine mbovu" si sababu. "Sensa ya kifuniko", yaani kile kifaa kinachohisi kifuniko, ni sababu.

Ukishakuwa nazo, zipange kwa pau kuanzia ndefu: umeme 47, kuandaa 25, lebo 10, chupa 8. Mbili za kwanza peke yake ni dakika 72 kati ya 90, yaani asilimia 80. Ila chora na ya pili inayohesabu mara, siyo dakika. Umeme hukatika mara moja kwa muda mrefu, na chupa hukwama mara nyingi kwa muda mfupi. Anayefuata dakika tu hatafika kwenye ile konveya.

Vile vya nusu dakika navyo viandikwe?

Hapana, mtawachosha watu bure. Weka mpaka, tuseme dakika 3, na chini ya hapo opereta apige kijiti kwenye karatasi kila laini inapokwama. Vijiti arobaini vya nusu dakika ni dakika 20, karibu sawa na ule muda wa kuandaa mtambo.

Nitajuaje kama wananidanganya?

Angalia urefu wa matukio. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kulikuwa na kanuni: kusimama kwa dakika 15 na kuendelea kunahitaji maelezo ya maandishi kwa meneja. Nilipopanga matukio ya mwezi kwa urefu, dakika 14 zilikuwa lundo. Dakika 15, 16, 17 hazikuwepo kabisa. Mtambo gani unaharibika kwa adabu namna hiyo?

Hawakuwa watu wabaya. Chati ilikuwa inatumika kuwakemea kwenye kikao cha asubuhi, wakajikinga. Tuliiondoa ile kanuni, na mwezi uliofuata muda wa kusimama ukaonekana kupanda. Meneja alitaka kujua tumeharibu nini. Ilichukua vikao viwili kumweleza kwamba laini ni ileile, ila sasa tunaiona.

Majina ya watu yasiwepo kwenye chati. Zamu A, B na C inatosha, na hata hiyo ifiche ukiona ugomvi.

Rangi zipi?

Si kijani na nyekundu, ingawa taa za kwenye mashine ndizo zilizotuzoesha. Kuna wanaume wasiotofautisha rangi hizo mbili. Na jambo la karibu zaidi: chati yako itatolewa fotokopi. Kijani na nyekundu vikipita kwenye mashine ya rangi nyeusi vinatoka kijivu kimoja. Acha kutembea kuwe kweupe, kusimama kweusi, kulikopangwa kijivu hafifu.

Sakafuni hakuna kompyuta. Nifanyeje?

Karatasi ya A3 yenye miraba, ubao wa kushikia, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mraba mmoja dakika 5. Opereta anapaka mraba laini ikiwa imesimama na kuandika herufi ya sababu juu yake. Kwa kweli ningekushauri uanze hivi hata kama kompyuta ipo. Anayepaka kwa mkono wake anaona zamu yake inavyokwenda ikiwa bado inaendelea, kabla ya ripoti ya kesho.

Tufunge sensa zifanye kazi hii zenyewe?

Kwa saa, ndiyo: sensa ya kuhesabu chupa au ishara kutoka PLC ya mtambo (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) haizungushi dakika wala haiogopi meneja. Kwa sababu, hapana. Sensa inajua chupa hazipiti. Haijui kwamba foklifti imeishiwa gesi. Mtu atahitajika kuchagua sababu, na hapo unarudi kwenye orodha yako ya kumi.

Nikishakuwa na mistari ya mwezi mzima, naangalia nini?

Angalia kwa wima. Doa moja kwenye siku moja ni bahati mbaya. Madoa yanayopangana chini kwa chini kwenye saa ileile yana mwenyewe. Mwanzo wa zamu, kila siku dakika 20 au 30: makabidhiano. Baada ya chai: watu hawajarudi wote. Kila Jumatatu asubuhi: mtambo uliolala bila kuoshwa.

Kwetu kulikuwa na mstari mweusi mwembamba karibu na saa saba na dakika ishirini mchana, siku kumi na moja kati ya kumi na nne. Kwenye daftari ulisomeka "lebo imeisha" na hakuna aliyeujali, kwa sababu dakika kumi ni dakika kumi. Tulipouona umenyooka vile, fundi mmoja akasema, "Hiyo si saa ya chakula cha stoo?" Mtunza stoo alikuwa anakwenda kula na ufunguo mfukoni. Tulichonga wa pili, akabaki nao msimamizi wa zamu.